Maoni ya Wazazi na Mabadiliko ya Walimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa na ofisi ya mwalimu mkuu pamoja na kamati ya shule kwa ajili ya wazazi na walezi wa shule yetu, ambayo ni shule ya msingi ya Serikali nchini Tanzania. Maswali yalitoka katika mkutano wa wazazi, katika sanduku la maoni, katika makundi ya WhatsApp ya madarasa, na kwa wale waliofika wenyewe ofisini. Mengi yalielekezwa kwa mwalimu mkuu hata pale ambapo uamuzi si wake, kwa hiyo katika kila jibu tumejaribu kueleza ni nani mwenye mamlaka: shule, kamati, Halmashauri au Serikali Kuu. Majina ya walimu na ya wanafunzi hayakutajwa kwa sababu maandishi haya yanaweza kusomwa na mtu yeyote.

Kwa nini mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Sita ameondoka katikati ya mwaka, na kwa nini wazazi hawakuulizwa?

Mwalimu huyo amehama kwa kibali halali baada ya kuomba uhamisho mwenyewe. Sababu zake ni za kifamilia, na shule haitazieleza zaidi ya hapo.

Walimu wa shule za Serikali ni watumishi wa umma ambao usimamizi wao wa kila siku uko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kupitia Halmashauri. Mwalimu mkuu haajiri, hafukuzi wala hahamishi mtu. Mtumishi anayetaka kuhama huwasilisha ombi lake katika ESS, mfumo wa kielektroniki wa watumishi wa umma, na ombi hilo hupanda ngazi kwa ngazi hadi kwa mwenye mamlaka ya kutoa kibali. Mwalimu mkuu aliulizwa maoni, akaeleza kwamba Darasa la Sita litabaki bila mwalimu wa somo hilo, na maoni yake yakapokelewa kama maoni. Hayana nguvu ya kuzuia kibali. Wazazi hawana nafasi katika mchakato huo, na hatuoni busara ya kuwafanya waamini kwamba wanayo. Walichostahili kutoka kwetu ni taarifa mapema, na tangu sasa barua ya kuondoka kwa mwalimu yeyote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kutumwa kwenye kundi la darasa husika ndani ya wiki ile ile aliyopata kibali.

Kwa sasa vipindi vya Hisabati vya Darasa la Sita vinafundishwa na mwalimu wa Darasa la Saba wa somo hilo hilo. Ratiba imebadilishwa ili vipindi hivyo vibaki asubuhi, na Stadi za Kazi zimesogezwa mchana.

Mwalimu mpya atakuja lini?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni msawazo, ambapo Halmashauri humhamisha mwalimu kutoka shule yenye walimu wengi kuliko ikama yake, yaani idadi inayotakiwa, na kumleta kwenye shule yenye upungufu. Ya pili ni ajira mpya, ambayo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na waombaji hufanyiwa usaili kabla ya kupangiwa vituo. Njia ya kwanza huwa ya haraka zaidi, ila mara nyingi shule jirani nazo zinalia upungufu huo huo.

Mwalimu mkuu amekwisha kuwasilisha mahitaji kwa Afisa Elimu Kata, na yamefikishwa Divisheni ya Elimu ya Awali na Msingi. Tarehe hatutaji, kwa kuwa hatuna mamlaka juu yake.

Tumemwona kijana akifundisha Darasa la Tano. Je, ni mwalimu kweli?

Ndiyo. Amehitimu mafunzo ya ualimu na anajitolea kwa ridhaa ya Halmashauri wakati akisubiri ajira. Vyeti vyake vilikaguliwa kabla hajaingia darasani. Hayupo kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Nauli yake hutoka katika fungu ambalo kamati ya shule iliridhia katika kikao chenye muhtasari, na mzazi anayetaka kuuona muhtasari huo anakaribishwa ofisini. Haruhusiwi kumpa mtoto mazoezi ya kulipia, na hakuna mzazi anayelazimika kumchangia kwa mkono.

Walimu tarajali wanaofika kwa mafunzo kwa vitendo ni jambo tofauti. Hao hukaa kwa wiki chache, hufundisha chini ya usimamizi wa mwalimu wa darasa, kisha hurudi chuoni.

Mwalimu wa Darasa la Pili B yuko likizo ya uzazi. Watoto wetu watajua kusoma?

Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa mujibu wa sheria, na ni haki ya mtumishi; shule haiwezi kuomba ifupishwe, na isingependa kufanya hivyo. Wasiwasi wa wazazi ni wa haki vilevile, kwa sababu Darasa la Kwanza na la Pili ndipo mtoto anapojenga Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mtoto anayefika Darasa la Tatu bila KKK hubeba mzigo huo katika kila somo.

Wapo waliopendekeza wanafunzi wa B waunganishwe na wa A hadi mwalimu arudi. Tulilikataa pendekezo hilo. Kiwango kinachokusudiwa ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja, na sisi tayari tumekizidi. Kuunganisha mikondo miwili kungefanya mwalimu asiweze hata kupita katikati ya madawati kukagua madaftari. Badala yake, mwalimu mwenye uzoefu wa madarasa ya chini amechukua Pili B, na vipindi vyake vya Darasa la Nne vimegawanywa kwa wenzake wawili.

Kabla ya kuondoka, mwalimu wa darasa aliacha daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Ndani yake ameandika nani bado anachanganya b na d, nani anasoma silabi vizuri lakini anakwama akikutana na ng' au ny, nani anajua kuhesabu kwa vizibo ila akipewa kalamu anapotea. Mwalimu aliyempokea anaanzia hapo kila asubuhi. Mzazi wa Pili B anaweza kuomba kuuona ukurasa wa mtoto wake, na tungefurahi wengi wakifanya hivyo, kwa sababu dakika kumi za kusoma nyumbani zikielekezwa kwenye herufi inayosumbua huzaa matunda kuliko saa nzima ya kurudia yale mtoto anayoyajua.

Je, ni kweli kwamba mwalimu wetu wa Awali anastaafu?

Ni kweli. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na hulazimika kustaafu akifikisha miaka 60, umri ambao mwalimu wetu anaufikia mwaka huu. Nafasi yake itachukuliwa na mwalimu ambaye tayari yupo shuleni na amekuwa akimsaidia katika darasa hilo.

Wazazi wengi wameomba kumwandalia zawadi. Kamati imekubali kwa masharti mawili: zawadi iratibiwe na wazazi wenyewe, na kusiwe na kiwango kwa kila mtoto wala karatasi ya majina ya waliotoa na wasiotoa.

Kuna malalamiko kwamba watoto wanachapwa darasani. Shule inasemaje?

Hili ndilo lililojaza karatasi nyingi zaidi katika sanduku la maoni, na wazazi wamegawanyika. Wapo wanaotaka fimbo iondolewe kabisa shuleni, na wapo walioandika kwamba walimu wamekuwa wapole mno, mmoja wao akituruhusu kwa maandishi kumchapa mwanawe “mpaka akome”.

Kanuni inayotawala jambo hili ni Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002. Kwa mujibu wake, adhabu ya viboko hutolewa kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Haizidi viboko vinne. Hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu huandikwa katika kitabu maalumu. Kwa hiyo mwalimu anayemchapa mtoto kwa kukosa hesabu, kwa kuchelewa kwa sababu ya mvua, au kwa sababu mzazi hajatoa mchango, yuko nje ya kanuni, hata kama ni kiboko kimoja. Mzazi naye hana mamlaka ya kuruhusu kinachozidi kanuni, hivyo barua ile tuliyoitaja imejibiwa kwa heshima na kuwekwa kando.

Malalamiko mahususi yaliyopokelewa yalihusu darasa moja. Mwalimu mkuu alizungumza na wanafunzi wa darasa hilo mbele ya mwalimu wa ushauri na unasihi, akamwita mwalimu husika, na hatua za kiutumishi zinaendelea. Mwalimu mkuu ana mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi; makosa mazito hushughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu kupitia ngazi ya wilaya, na mwalimu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Ndiyo maana hatutoi maelezo zaidi, ingawa tunafahamu kwamba ukimya huo unaweza kuonekana kama kulindana.

Mzazi anayeona mtoto wake ameumizwa asisubiri mkutano. Afike ofisini siku hiyo hiyo au aende kwa Afisa Elimu Kata. Pale anapoona jambo ni la jinai, aende moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au apige namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto. Hahitaji ruhusa ya shule.

Elimu ni bila malipo. Kwa nini tunaambiwa kuchangia chakula?

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na utekelezaji wake ulianza Januari 2016. Chakula cha mchana cha wanafunzi wa kutwa hakigharamiwi na ruzuku inayoletwa shuleni. Ni jukumu ambalo wazazi hukubaliana wenyewe katika mkutano wao. Makubaliano hayo ni ya hiari, na mtoto hawezi kurudishwa nyumbani, kunyimwa mtihani au kunyimwa sahani kwa sababu nyumbani hakujatolewa kitu.

Tunalisisitiza hili la mwisho kwa sababu tulipokea karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari, maandishi yakiwa ya mtoto na maneno ya bibi yake, ikieleza kwamba mjukuu wake aliambiwa asubiri wenzake waliolipiwa wamalize kupakuliwa. Kamati ilifuatilia na kukuta kwamba orodha ya michango ilikuwa imewekwa jikoni na wapishi walikuwa wakiitumia. Orodha imeondolewa jikoni. Sasa inashikiliwa na mtunza hazina wa kamati ndogo ya chakula, ambaye ni mzazi, na foleni hupangwa kwa madarasa kuanzia wadogo. Walimu hawapokei mahindi, maharage wala fedha. Kila anayetoa hupewa stakabadhi na kamati ndogo hiyo.

Lalamiko la pili lilikuwa kwamba makande huchelewa hadi Darasa la Saba wanakosa kipindi cha kwanza cha mchana. Chanzo kilikuwa maharage kuingizwa sufuriani yakiwa makavu asubuhi ile ile. Sasa hulowekwa jioni, chini ya usimamizi wa mlinzi wa usiku, na tangu utaratibu huo uanze chakula kimekuwa kikiiva kwa wakati, isipokuwa siku ambazo maji ya bomba hukatika.

Kuhusu moshi na kuni, Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Shule bado haijapata jiko la gesi la ukubwa unaofaa, na kamati imeandika kwa Halmashauri kuomba msaada. Mzazi mwenye ujuzi wa majiko banifu anaombwa ajitokeze.

Ruzuku ya Serikali inaenda wapi?

Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule, yaani Sh 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Kutoka humo hununuliwa chaki, karatasi za mitihani ya ndani na vifaa vya michezo, na hufanyiwa ukarabati mdogo. Mshahara wa mlinzi na wa wapishi haumo.

Mapato na matumizi huingizwa katika mfumo wa fedha wa vituo vya kutolea huduma, FFARS, na muhtasari wake hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wazazi waliolalamika kwamba karatasi iliyopo imepauka hadi haisomeki walikuwa sahihi. Mpya imebandikwa ndani ya kioo.

Vyoo vya wasichana vitatengenezwa lini?

Milango mitatu iliyovunjika imekwisha kubadilishwa, na komeo zimewekwa kwa ndani. Kuongeza matundu ni suala la fedha za ujenzi, ambazo haziamuliwi na shule. Chumba cha kubadilishia taulo za kike kipo, kina ndoo yenye kifuniko na maji, na ufunguo wake unashikiliwa na mwalimu wa kike pamoja na kiranja wa afya, ili mwanafunzi asilazimike kumwomba mwalimu wa kiume.

Mtoto wangu atamaliza Darasa la Sita au la Saba?

Inategemea alikuwa darasa gani mwaka 2024. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu. Waliokuwa Darasa la Tatu wakati huo watamaliza wakiwa Darasa la Sita mwaka 2027. Waliokuwa Darasa la Nne wanaendelea na mtaala wa zamani na watamaliza Darasa la Saba mwaka huo huo wa 2027. Makundi mawili yatahitimu kwa pamoja.

Kwa shule hii maana yake ni kwamba walimu wale wale wataandaa watahiniwa wa mitaala miwili katika mwaka mmoja. Ndiyo sababu baadhi ya walimu wamehamishwa madarasa mapema, jambo ambalo wazazi kadhaa walilitafsiri kuwa ni adhabu kwa walimu hao. Mwalimu akizoea mtaala mpya na watoto wake tangu sasa, hatashikwa na haraka mwaka huo utakapofika.

Je, masomo ya ziada ya jioni ni ya lazima?

Hapana, na hayalipiwi. Mwanafunzi anayeishi mbali anaruhusiwa kuondoka kabla giza halijaingia bila kuandikwa mtoro.

Kazi za nyumbani hutumwa WhatsApp. Sisi tusio na simu janja tufanyeje?

Kuanzia sasa kazi yoyote inayotumwa kwenye kundi lazima iwe imeandikwa kwanza ubaoni na kunakiliwa na wanafunzi kwenye madaftari yao. Kundi ni la kukumbushana tu. Tunaomba pia makundi hayo yasitumike kujadili mtoto wa mtu mwingine kwa jina, kama ilivyotokea muhula uliopita.

Sanduku la maoni hufunguliwa na nani?

Lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ni mzazi, na mwingine kwa mwalimu wa malezi. Mwalimu mkuu, ambaye kwa nafasi yake ni katibu wa kamati, hana ufunguo wowote. Hufunguliwa kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, karatasi husomwa mbele ya wajumbe wasiopungua watatu, na kila hoja huandikwa kwenye rejesta pamoja na jina la anayepaswa kuijibu. Si lazima kuandika jina lako. Hata hivyo, lalamiko lisilo na jina, tarehe wala darasa, la aina ya “walimu hawafundishi”, hatuna namna ya kulifuatilia. Andika angalau ni darasa gani na ni kipindi kipi.

Nafasi zilizo wazi katika kamati ya shule zitajazwaje?

Zitajazwa kwa kura katika mkutano wa wazazi unaofuata. Mzazi au mlezi yeyote mwenye mtoto shuleni anaweza kugombea. Kamati imeomba wagombea wanawake wajitokeze zaidi, kwa kuwa masuala ya jikoni na ya vyoo yamekuwa yakijadiliwa na wanaume watupu.

Nikitaka kuonana na mwalimu wa mtoto wangu, nifike siku gani?

Siku yoyote ya masomo, baada ya kujiandikisha kwa mwalimu wa zamu, ambaye atakuelekeza muda ambao mwalimu huyo hana kipindi. Tafadhali usimwite mwalimu atoke darasani kupitia dirishani. Kwa wale wanaofanya kazi sokoni au kiwandani hadi jioni, walimu wa darasa watapatikana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu hadi saa sita mchana; njoo na daftari la mtoto unalotaka kulizungumzia.